DAWA ZA STEROIDI: JAMAA MOJA, NGUVU MBALIMBALI

Labda umeandikiwa prednisoloni kwa ajili ya pumu. Labda jirani anameza deksamethasoni ili anenepe. Zote mbili ni steroidi. Soma ujue tofauti zake.

Je, mwili una steroidi zake?
Ndiyo. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni ya kuusaidia mwili kuhimili ugonjwa na mshtuko. Ubongo nao una zake. Moja ni alopregnanoloni, ambayo hutuliza. Huongezeka wakati wa mimba na kushuka haraka baada ya kujifungua. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo kwa akina mama wenye huzuni nzito baada ya kuzaa. Lakini si kila steroidi hutuliza: prednisoloni huweza kukukosesha usingizi na kuvuruga akili.

Je, nguvu zake ni sawa?
Hapana. Hidrokotisoni miligramu 20, prednisoloni miligramu 5 na deksamethasoni miligramu 0.75 zina nguvu karibu sawa ya kupunguza uvimbe. Kidonge kidogo si dawa ndogo.

Je, hunenepesha kweli?
Huongeza maji na mafuta usoni na tumboni. Unene huo si afya. Sukari na presha hupanda, mifupa hudhoofika, na mwili hushindwa kupigana na magonjwa kama kifua kikuu.

Kwa nini nisiache ghafla?
Ukimeza kwa wiki kadhaa, tezi zako huacha kufanya kazi kwa sababu dawa inaifanya badala yake. Ukiacha siku moja, mwili hubaki bila kotisoli. Utaishiwa nguvu, utatapika, presha itashuka, na unaweza kufa. Dozi hupunguzwa polepole na mganga.

Ufanye nini?
1. Usinunue steroidi bila karatasi ya mganga, wala usimgawie mwenzako.
2. Ukitoka hospitali ya rufaa Mbarara, peleka karatasi zako kituo cha afya hapa Nakivale kabla vidonge havijaisha.
3. Ukiugua, mwambie mhudumu kwamba unatumia steroidi.
4. Mama mwenye huzuni isiyoisha baada ya kuzaa aje kituoni. Huo ni ugonjwa, na una matibabu.

Kumbuka: kama tayari unameza ili unenepe, usiache peke yako. Njoo na vidonge vyako, useme ukweli, usaidiwe.