Chumvi Iliyo Majimaji na Hesabu za Kompyuta

Chumvi ya mezani twaijua sote. Ukitaka kuiyeyusha bila maji, sharti uitie katika moto wa digrii 801 za sentigredi. Lakini ziko chumvi nyingine zinazoyeyuka upesi sana. Mwaka 1914 Paul Walden aliandika habari za chumvi inayoyeyuka kwenye digrii kama 12 tu. Hapa Kigali, kwa kawaida, ingekuwa majimaji mchana na usiku.

Sababu ni nini? Chumvi zimefanyika kwa ayoni, yaani chembe zenye umeme, nyingine chanya, nyingine hasi. Zilizo tofauti huvutana, zinazofanana husukumana. Ayoni za chumvi ya mezani ni ndogo, nazo hushikana sana. Katika chumvi hizi nyingine kuna ayoni kubwa zaidi, zenye umbo lisilolingana, hata hazishikani kwa nguvu.

Chumvi hizi hupitisha umeme, wala hazigeuki mvuke kwa urahisi; kwa hiyo wataalamu wanazijaribu katika betri. Lakini aina zake ni nyingi mno, na kuzijaribu zote ni gharama. Ndipo kompyuta inaposaidia kuchagua.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtaalamu huweka katika hesabu sanduku la ayoni mia kadhaa au maelfu. Kompyuta hutafuta nguvu inayoivuta kila ayoni, na kwa kanuni ya Newton tunayofundishwa darasani, hupata itakaposogea. Kisha huanza tena. Hatua ni fupi mno: hatua milioni moja ni sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde.

Je, tuyaamini majibu? La, mpaka yalinganishwe na vipimo vya maabara. Ayoni zilipopewa umeme wake kamili katika hesabu, mara nyingi chumvi ilitiririka polepole kuliko ile ya kweli. Hesabu ilisahau kwamba kila ayoni hubadili mpangilio wa umeme ndani ya jirani yake. Wengi wakaupunguza umeme huo hadi kama sehemu 8 katika 10, na majibu yakakaribia ukweli.

Tangu mwaka 2018 iko hapa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, ambako vijana wa nchi mbalimbali za Afrika husomea fizikia. Basi, wenzangu, tusiseme kuwa hesabu na kanuni za Newton ni za mtihani tu. Mlango uko karibu nasi. Tujifunze kwa bidii tupate kuingia.