Namna ya Kupima Matumaini ya Klabu Kabla ya Msimu: Mwongozo kwa Mpenzi wa Mpira wa Fumba

Mazungumzo ya mpira yanayofanyika kwenye barza za Fumba, Bweleo na Dimani, Unguja, wakati ligi imesimama, usajili unaendelea na hakuna klabu iliyokwisha kupoteza hata mchezo mmoja, yana uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ndimo yanamoundwa matarajio ya msimu mzima, na ndimo kocha anamowekewa kipimo atakachohukumiwa nacho mpaka ligi itakapomalizika. Kwa bahati mbaya, kipimo hicho mara nyingi hujengwa juu ya vitu viwili vinavyoonekana kwa urahisi, navyo ni majina ya wachezaji wapya na matokeo ya mechi za kirafiki, ilhali vyote viwili husema machache kuhusu nguvu halisi ya timu. Mpenzi anayetaka kukadiria kwa haki hali ya klabu ya Zanzibar hana budi kufuata mpangilio mwingine: aanze na kalenda, aingie kwa wachezaji waliobaki, na awafikie waliosajiliwa mwishoni kabisa.

Kalenda inatangulia kwa sababu inabainisha timu inajiandaa kwa ajili ya nini. Zanzibar, ingawa kisiasa ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ina shirikisho lake la mpira, ZFF, na ina uanachama mshiriki katika Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika, CAF, hadhi inayozipa klabu zake nafasi yao wenyewe katika Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho, yaani mashindano mawili makuu ya klabu barani, bila ya kulazimika kushindana kwanza na vigogo wa Tanzania Bara, Simba na Yanga. Hatua ya awali ya mashindano hayo huchezwa Agosti au Septemba, kipindi ambacho Ligi Kuu ya Zanzibar ama haijaanza ama ndiyo kwanza inaanza, kwa hiyo bingwa wa Zanzibar huingia katika michezo yake migumu kuliko yote ya mwaka akiwa na wiki chache za mazoezi na mechi za kirafiki peke yake. Klabu isiyokuwa na mchezo wa CAF inaweza kujenga pumzi polepole na kuufikia ubora wake Oktoba au Novemba, na hakuna atakayeumia, lakini klabu yenye mchezo huo inalazimika kuwa tayari mapema, hata kama itachoka Februari. Kuzilinganisha timu hizi mbili kwa namna zinavyocheza mwezi Agosti, kama inavyofanywa kila mwaka, ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Mfano wa JKU, klabu ya Jeshi la Kujenga Uchumi, unaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2023, katika hatua ya awali ya Kombe la Shirikisho, JKU ilifungwa 4-1 na Singida Fountain Gate katika mkondo wa kwanza, kisha ikashinda 2-0 katika mkondo wa pili na kutolewa kwa tofauti ya bao moja tu, 4-3 kwa jumla. Mwaka uliofuata klabu hiyo hiyo, sasa ikiwa bingwa wa Zanzibar, ilipangwa katika Ligi ya Mabingwa na Pyramids ya Misri na ikatolewa kwa jumla ya mabao 9-1. Anayesoma matokeo peke yake atasema kwamba maandalizi ya mwaka 2023 yalikuwa bora na yale ya 2024 yaliharibika, ila ukweli ni kwamba Pyramids ile ile ndiyo iliyotwaa ubingwa wa Afrika Juni 2025, na hakuna kambi ya wiki sita, iwe Unguja au kwengineko, ambayo ingelifuta pengo la fedha, la wachezaji na la uzoefu lililokuwapo kati ya klabu hizo mbili. Droo ina sehemu kubwa katika hatima ya klabu ndogo, na haki inadai itajwe kabla ya kocha kulaumiwa.

Haifai vilevile kuitumia droo kama kisingizio cha kila kitu. Mwaka 2025 KMKM, klabu ya Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, iliitoa AS Port ya Djibouti katika Kombe la Shirikisho, kisha ikakutana na Azam, klabu ya Chamazi inayomilikiwa na kampuni ya Bakhresa ambayo pia ina kiwanda cha maziwa Fumba, na ikafungwa mabao 9-0 kwa jumla. Azam ni jirani, wachezaji wake wanajulikana, michezo yake huonyeshwa kila wiki, na baadhi ya nyota wake wamezaliwa na kukulia Unguja, kwa hiyo pengo la namna hiyo halielezeki kwa droo peke yake. Linaeleza kwa uchungu umbali uliopo sasa kati ya ligi ya Zanzibar na ile ya Bara, ligi mbili ambazo zamani mabingwa wake walikutana wakiwa karibu sawa, na mpenzi wa kweli wa mpira wa Zanzibar ana wajibu wa kuutaja umbali huo waziwazi kabla ya msimu, badala ya kuushangaa kila inapofika Oktoba.

Baada ya kalenda ndipo inapokuja hesabu ya waliobaki, ambayo pengine ndiyo kazi yenye manufaa zaidi inayoweza kufanywa na mtu asiyekuwa na cheo chochote katika klabu. Mpenzi achukue vikosi vilivyoanza katika michezo kumi ya mwisho ya msimu uliopita, aandike majina kumi na moja yaliyojitokeza mara nyingi zaidi, kisha akate kila aliyeondoka, aliyeumia kwa muda mrefu au aliyesimama kucheza. Idadi inayobaki ni dalili nzuri, lakini dalili bora zaidi ni mahali pengo lilipotokea. Timu iliyopoteza mawinga wawili inaweza kujirekebisha ndani ya mwezi mmoja, kwa kuwa winga mpya anahitaji kuelewana na watu wachache tu, ilhali timu iliyopoteza kipa pamoja na beki wa kati, au beki wa kati pamoja na kiungo mkabaji, yaani mchezaji anayesimama mbele ya mabeki na kuvunja mashambulizi, imepoteza uti wa mgongo, na uti wa mgongo haujengwi kwa mechi mbili za kirafiki.

Kwa Zanzibar hesabu hii ina uzito wa pekee, kwa sababu mchezaji anayeng'ara huvuka bahari haraka. Feisal Salum alitoka JKU na kujiunga na Yanga mwaka 2018 kabla ya kuhamia Azam mwaka 2023, na Ibrahim Hamad, maarufu kwa jina la Bacca, alitoka KMKM na kwenda Yanga Januari 2022. Kuondoka kwao ni fahari ya Visiwa na hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kutafuta riziki bora, lakini makadirio ya kabla ya msimu yanapaswa kuuliza swali ambalo barzani huulizwa kwa nadra: je, aliyechukua nafasi ya aliyeondoka alikuwa tayari ndani ya klabu, akifanya mazoezi naye kwa mwaka mzima, au ameletwa wiki mbili kabla ya dirisha la usajili kufungwa?

Swali hilo linahusiana moja kwa moja na asili ya klabu yenyewe. Klabu za Zanzibar ni za namna mbili kuu: zipo klabu za vikosi na idara, kama KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo na Uhamiaji, ambazo wachezaji wao wengi ni waajiriwa na hivyo wana mshahara hata ligi inaposimama, na zipo klabu za uraiani, kama Mlandege na Malindi, ambazo hutegemea wanachama, wafadhili na mapenzi ya mtaa. Klabu ya kikosi hupoteza wachezaji wachache mwisho wa msimu na inaweza kuanza mazoezi siku inayotaka, wakati klabu ya uraiani huenda ikasubiri mfadhili athibitishe fungu lake kabla ya kuita kambi, yaani kuwakusanya wachezaji wakae na kufanya mazoezi pamoja. Mpenzi wa klabu ya uraiani, kwa hiyo, asitazame sana jina la mshambuliaji mgeni. Atazame tarehe ambayo mazoezi yameanza na ni wachezaji wangapi walikuwapo siku ile, kwani tarehe hiyo inaeleza hali ya fedha kuliko tamko lolote la uongozi.

Kuhusu mechi za kirafiki, matokeo yasiachwe kabisa, ila yasomwe kwa vipande. Kipande chenye maana ni kile ambacho wachezaji wanaotarajiwa kuanza wapo pamoja uwanjani, ambacho kwa kawaida ni kipindi cha kwanza na dakika chache za kipindi cha pili, kabla ya kocha kubadilisha timu nzima. Ndani ya kipande hicho mtazamaji aangalie umbali kati ya mabeki na viungo timu inapopoteza mpira, na aangalie kama umbali huo unaongezeka kadiri dakika zinavyokwenda, kwa kuwa kuongezeka kwake ndiyo alama ya kwanza ya pumzi kupungua. Timu inayofunga mabao manne dhidi ya wachovu wa daraja la chini huku mabeki wake wakiachwa peke yao imejifunza kidogo kuliko timu iliyotoka sare ya bila kufungana ikiwa imeshikana vizuri.

Kombe la Mapinduzi, linalochezwa kila Januari kuadhimisha Mapinduzi ya 1964, huwapa wengi kisa cha kujenga matumaini ya mwaka mzima, na hapa tahadhari inahitajika zaidi. Mlandege ililitwaa mwaka 2023 kwa kuifunga Singida Big Stars 2-1, kisha ikalitwaa tena tarehe 13 Januari 2024 kwa kuifunga Simba 1-0 katika uwanja wa New Amaan uliokuwa umefunguliwa upya wiki chache nyuma, na ushindi huo wa mara mbili mfululizo ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa na klabu ya Kizanzibari katika karne hii. Siku ile ile ya fainali, hata hivyo, Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa linafunguliwa Côte d'Ivoire, na Simba ilikuwa na wachezaji kadhaa waliokwishaitwa na timu zao za taifa. Zaidi ya hayo, ubingwa wa ligi wa msimu wa 2022/23 ulikwenda KMKM na ule wa 2023/24 ukaenda JKU. Mashindano ya wiki mbili hupima ujasiri na nidhamu ya kikosi kidogo, wakati ligi hupima kina cha benchi, na Mlandege ya miaka ile ilikuwa na cha kwanza kwa wingi kuliko cha pili.

Kwa Fumba mjadala huu utapata sura mpya, kwa kuwa rasi hii, ambayo ardhi yake ni ya uwanda, yaani mawe ya matumbawe yenye udongo mchache usiostawisha nyasi kwa urahisi, na ambako vijana wamezoea kucheza ufukweni maji yanapotoka, ndiyo iliyochaguliwa kwa ajili ya uwanja mpya wa Zanzibar wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, mashindano ambayo Tanzania inaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Uwanja mkubwa hauibui timu wenyewe. Kitakachoamua kama vijana wa Fumba, Bweleo na Kombeni watafaidika ni viwanja vya mazoezi vitakavyouzunguka, na kama klabu za madaraja ya chini zitaruhusiwa kuvitumia Julai na Agosti, miezi ambayo zinavihitaji kuliko miezi mingine yote, na hilo ni swali linalofaa kupelekwa kwa masheha na viongozi wa wilaya sasa hivi, kabla ratiba ya matumizi haijaandikwa.