Zinki katika Mpunga: Mbolea Inavyoweza Kuongeza Lishe ya Wali

Kiswahili hulitaja zao moja kwa majina matatu, yaani mpunga likiwa shambani au likiwa na maganda, mchele likishakobolewa, na wali likishapikwa, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kutangulia kila mazungumzo kuhusu mbolea na lishe, kwa kuwa madini yanayoingia katika mpunga si lazima yafike katika wali. Katika kata ya Ndera, wilayani Gasabo, ambako wali na maharage ni mlo wa kawaida, jambo hili lina uzito wake: uchunguzi wa demografia na afya wa Rwanda wa mwaka 2019–2020 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na upungufu wa zinki, madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana ili kukua na kupambana na maradhi, ni mojawapo.

Mpunga wa Rwanda hulimwa hasa mabondeni, katika majaruba yaliyojazwa maji. Udongo uliofunikwa na maji hukosa hewa, na hapo chuma huyeyuka kwa wingi, hata katika baadhi ya mabonde kikawa sumu inayoyapa majani rangi ya kutu, ilhali zinki hushikana na viambata vingine vya udongo kiasi kwamba mizizi haiwezi kuifyonza. Mkulima anayetia NPK 17-17-17 na urea peke yake huongeza mavuno bila kugusa tatizo hilo, kwani mbolea hizo hazikukusudiwa kuleta zinki.

Hata hivyo, kutia zinki udongoni hakutoshi. Majaribio yaliyofanywa China, India, Laos, Thailand na Uturuki, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, yalionyesha kuwa zinki iliyotiwa udongoni iliongeza zinki ya mchele usiong'arishwa kwa takriban asilimia 2.4 tu, lakini iliponyunyiziwa majani ongezeko lilifikia asilimia 25, na njia zote mbili zilipotumika pamoja, asilimia 32. Katika mpunga wenye maganda, unyunyiziaji ulileta ongezeko la asilimia 66. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo, kwa maneno mengine, ilibaki katika maganda ambayo hakuna anayeyala.

Mbolea inayonyunyiziwa ni salfeti ya zinki, chumvi inayoyeyuka majini, kwa kipimo cha asilimia 0.5, yaani gramu 5 kwa kila lita, au gramu 75 katika bomba la mgongoni la lita 15. Wakati una maana kuliko wingi: zinki inayonyunyiziwa baada ya mpunga kuchanua, punje zikianza kujaa maziwa, huelekea kwenye punje kuliko ile ya mapema, na jioni hufaa zaidi kwa sababu matone hayakauki upesi juu ya majani. Udongo ukiwa na upungufu mkubwa, ambao hujitokeza kwa madoa ya kahawia na miche kudumaa wiki chache baada ya kupandikizwa, zinki ya udongoni nayo huhitajika, ila hiyo ni kwa ajili ya mavuno kwanza.

Chuma hakifuati kanuni hiyo. Kikinyunyiziwa, ni kidogo tu kinachofika ndani ya punje, na kilichomo hukaa zaidi katika tabaka la nje ambalo mashine huliondoa likawa pumba, wakati zinki imesambaa hadi kwenye kiini cheupe. Kwa chuma, Rwanda ilielekea kwenye uboreshaji wa mbegu, na aina za maharage yenye chuma kingi zikaanza kutolewa kwa wakulima mwaka 2010. Sahani ya wali na maharage hayo, basi, inaweza kupata zinki kutoka kwenye bomba la mkulima na chuma kutoka kwenye mbegu, ingawa fitati, kiambata cha nafaka na kunde kinachoyashika madini tumboni, hupunguza kiasi ambacho mwili hukipokea.