Chozi si Ndege Mvumaji: Jina, Maua na Bustani za Meru na Embu

IKISIRI

Makala hii inajadili namna ya kuwavutia chozi katika bustani za nyumbani, mijini na mashambani, katika maeneo ya Meru na Embu nchini Kenya. Hoja yake kuu ni kwamba ushauri mwingi unaotufikia kuhusu ndege wanyonyao maua ulitungwa kwa ajili ya ndege mvumaji wa Amerika. Tunapompa chozi jina la ndege huyo, tunampa pia makao yasiyomfaa. Makala inaanza na suala la msamiati na tafsiri, kisha inaeleza tabia za chozi, na hatimaye inapendekeza mimea na mbinu za kuitunza.

1.0 Utangulizi

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alipenda kusimulia kisa cha ndege mdogo aliyekabiliana na moto wa msitu. Wanyama wakubwa walisimama wakitazama, naye akaruka kwenda na kurudi mtoni, kila safari akibeba tone moja la maji mdomoni. Usimulizi huo ulienea zaidi baada ya kuonyeshwa katika filamu moja ya hali halisi ya mwaka 2009, na tangu wakati huo umekuwa ukirudiwa shuleni, makanisani na katika mikutano ya upandaji miti.

Ndege wa kisa hicho ni ndege mvumaji, ambaye kwa Kiingereza huitwa kwa mvumo wa mbawa zake na katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa kolibri. Kisa chenyewe huhusishwa na Waquechua wa Amerika ya Kusini, na ndege huyo haishi popote barani Afrika. Hata hivyo, si ajabu kumsikia mtu wa Nkubu au Runyenjes akimwonyesha mgeni ndege mdogo anayening'inia kwenye ua la mgomba na kumwita kwa jina hilo la Kiingereza. Ndege huyo anayeonyeshwa ni chozi.

Makala hii inashikilia kwamba kosa hilo la jina lina matokeo katika udongo. Anayeamini kuwa ana ndege mvumaji uani pake atafuata maagizo ya bustani za Marekani. Anayejua kuwa ana chozi atapanda tofauti.

2.0 Chozi kama Neno

Katika kamusi za Kiswahili, chozi ni vidahizo viwili. Cha kwanza ni tone la maji litokalo jichoni. Cha pili ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anyonyaye maua. Hizi ni homonimu, na kinachozitenga ni upatanisho wa kisarufi. Tuchunguze mifano ifuatayo:

(a) Chozi hili limedondoka. Machozi haya yamedondoka.
(b) Chozi huyu ametua. Chozi hawa wametua.

Katika (a) nomino imo katika ngeli ya LI-YA. Katika (b) nomino inachukua upatanisho wa A-WA kwa kuwa inarejelea kiumbe mwenye uhai. Mwanafunzi anayeandika "chozi limetua uani" amemgeuza ndege kuwa tone la maji, na msomaji hatajua kama kuna furaha au kilio.

Hapa ndipo mfasiri wa kisa cha Maathai anapojikuta njia panda. Akitumia "ndege mvumaji", atakuwa mwaminifu kwa matini chasili, lakini atamweka mbele ya mtoto wa Meru ndege ambaye hajapata kumwona. Akitumia "chozi", atamleta kisa nyumbani, tena atapata utajiri ambao Kiingereza hakina: ndege aitwaye chozi anabeba tone la maji lifananalo na chozi. Kwa msimulizi wa fasihi, huo ni ujanibishaji wenye faida. Kwa mwandishi wa kitabu cha sayansi au cha kilimo, ni upotoshaji. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika fasihi mfasiri awe huru kuchagua kulingana na hadhira yake, lakini katika maandishi ya maarifa maneno haya mawili yasibadilishane nafasi.

3.0 Maumbile na Tabia

Ndege wavumaji ni zaidi ya spishi 300, na wote wanapatikana katika mabara ya Amerika pekee. Chozi ni zaidi ya spishi 100, nao wameenea kutoka Afrika kupitia Asia hadi Australia. Koo hizi mbili hazina udugu wa karibu. Zimefanana kwa sababu kila moja, kwa njia yake, ilijifunza kuishi kwa mbochi, yaani maji matamu ya maua.

Tofauti iliyo muhimu zaidi kwa mkulima wa bustani ni hii: ndege mvumaji hunyonya akiwa angani, akipiga mbawa kwa kasi na kubaki mahali pamoja, na anaweza kuruka kinyumenyume. Chozi anaweza kuelea kwa muda mfupi, lakini kwa kawaida hutua. Hushika shina au kikonyo cha ua, akainama, akaingiza mdomo. Ua linaloning'inia peke yake bila mahali pa kutua linamfaa mvumaji. Ua lililo kwenye shina imara linamfaa chozi.

Aidha, chozi haishi kwa mbochi tu. Hula wadudu na buibui, na makinda wake hukuzwa hasa kwa chakula hicho. Kiota chake ni kifuko kinachoning'inia kwenye tawi, kilichofumwa kwa nyasi na majani makavu na kufungwa kwa nyuzi za utando wa buibui. Bustani isiyo na buibui haina kamba ya kujengea.

Utafiti mmoja uliofanyika karibu na Ziwa Naivasha unafaa kutajwa hapa. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha matokeo kuhusu chozi mwenye mbawa za rangi ya dhahabu, ambaye hulinda eneo lake la maua ya Leonotis dhidi ya wenzake. Waligundua kwamba ukubwa wa maeneo hayo ulitofautiana mno, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, takribani 1600. Kwa maneno mengine, chozi hapimi ardhi, huhesabu maua. Tutaona kuwa matokeo haya yana maana kubwa kwa mkazi wa mjini.

4.0 Bustani ya Shambani

Meru na Embu zina faida ya mteremko. Juu kabisa, katika nyanda za Mlima Kenya zilizo zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, wako chozi wanaotegemea lobelia wakubwa. Chini yake kuna msitu, kisha ukanda wa chai, ukanda wa kahawa na migomba, na hatimaye nchi kavu ya Mbeere na Tharaka. Katika ukanda wa kati chozi wanaoonekana sana ni pamoja na yule dume mwenye kifua cha zambarau na tumbo la manjano, yule mweusi mwenye kidari chekundu, na yule wa rangi ya shaba mwenye mkia mrefu. Majike wao wana rangi ya kijivu au hudhurungi, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ndege wengine.

Mkulima wa ukanda huu tayari ana mimea inayowavuta, hata kama hakuipanda kwa nia hiyo.

Kwanza ni mgrivea, ambao Waembu huuita mukima. Mti huu ulitoka Australia, na leo umejaa mipakani mwa mashamba ya Embu kwa sababu ya mbao na kuni. Maua yake ya rangi ya chungwa yana mbochi nyingi. Lakini mgrivea unaokatwa matawi yote kila mwaka hautoi maua. Inatosha kuacha mti mmoja au miwili katika kila mpaka bila kuukata, au kuikata kwa zamu.

Pili ni mgomba. Chozi hupenda sana ua la mgomba, lile la rangi ya zambarau lininginialo chini ya mkungu. Wakulima wengi hulikata ili kuzuia ugonjwa na kuupa mkungu nguvu, na si vyema kuwazuia. Badala yake, panapokatwa ua la mgomba na papandwe ua jingine karibu.

Tatu ni muuti, kama Wameru wauitavyo. Wagikuyu huuita muhuti. Ni mti wa asili wenye miiba na maua mekundu yanayotokea hasa wakati wa kiangazi, aghalabu mti ukiwa hauna majani. Hupandwa kwa urahisi kutokana na tawi lililokatwa, na hufaa kuwa nguzo hai ya boma.

Nne ni mishubiri ya asili na Leonotis. Mishubiri inastahimili ukame wa Siakago na Kiritiri, na huchanua wakati mimea mingine imenyauka. Leonotis, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyolizunguka shina tabaka kwa tabaka, humea hata kandokando ya barabara, na shina lake ni imara kwa chozi kutua.

Siri ya bustani ya shambani ni mfululizo. Eneo hili lina misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Baada ya mvua maua ni mengi popote. Njaa ya chozi ni katika miezi ya katikati, na hapo ndipo mshubiri na muuti huwa na thamani kubwa kuliko ua lolote la kununuliwa.

5.0 Bustani ya Mjini

Mkazi wa Makutano mjini Meru au wa Dallas mjini Embu anaweza kusema kuwa hana ardhi. Tukumbuke funzo la Naivasha: chozi huhesabu maua. Tena miji hii imekaribiana na misitu, Meru ikipakana na Msitu wa Imenti na Embu ikiwa karibu na Msitu wa Njukiri. Ndege wapo, kinachokosekana ni daraja la maua kati ya msitu na lango.

Daraja hilo ni ua. Kiswahili kinatuzawadia hapa homonimu nyingine: ua ambalo wingi wake ni maua, na ua ambao wingi wake ni nyua. Mjini, la kwanza lipandwe juu ya wa pili. Ukuta wa mawe au mabati hauna chakula. Ua wa mimea yenye maua marefu kama mirija, ukipogolewa upande mmoja mmoja badala ya wote kwa siku moja, hulisha ndege mwaka mzima. Penye ua wa kaiyaba, miiba yake hutoa maficho, na mishubiri michache mbele yake hutoa mbochi.

Asiye na ua apande kwenye makopo. Mshubiri huishi ndani ya debe lililotobolewa chini, na haibiskasi moja mlangoni huanza kazi. Kopo moja halitoshi kumfuga chozi, lakini yeye hazingatii mipaka ya ploti. Nyumba kumi za kupanga, kila moja ikiwa na makopo mawili, ni bustani moja machoni pake. Kwa hiyo mjini kazi ya kwanza ni kuzungumza na jirani.

6.0 Mambo ya Kuepuka

(a) Chupa za maji ya sukari. Huu ndio ushauri mkuu unaotolewa kwa wapenzi wa ndege mvumaji: sehemu 1 ya sukari kwa sehemu 4 za maji. Chupa hizo nyingi hazina kijiti cha kutua, huvuta siafu na nyuki, na maji yake huchacha upesi katika joto. Anayesisitiza kuitumia aweke kijiti, aioshe na kubadilisha maji angalau kila baada ya siku mbili, na asitie asali wala rangi. Gharama ya sukari ya mwezi mmoja yaweza kununua miche itakayoishi miaka.

(b) Dawa za kunyunyizia. Hapa neno "ua" linapata sura ya tatu, ile ya kitenzi. Dawa ya kuua wadudu kwenye maua humnyima chozi chakula cha makinda na kumwekea sumu katika kinywaji. Palipo lazima kunyunyizia kahawa au mboga, mimea ya ndege iwe mbali na mkondo wa upepo.

(c) Ufagio usio na huruma. Utando wa buibui ulio chini ya paa la ghala au kwenye ua uachwe, hasa ndege wanapojenga.

(d) Vioo. Chozi dume hupigana na taswira yake kwenye dirisha au kioo cha gari hadi akachoka. Kitambaa au karatasi juu ya kioo humaliza ugomvi huo.

(e) Lantana. Chozi huinyonya, lakini mmea huu wa kigeni huvamia malisho na kuyaharibu. Haupaswi kupandwa.

7.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza kwa nini mada hii iwe katika jarida la Kiswahili badala ya jarida la kilimo. Jibu ni kwamba maarifa ya mimea na ndege hawa yamehifadhiwa katika majina, na majina hayo yamo vinywani mwa wazee wasemao Kimeru, Kiembu, Kimbeere na Kitharaka. Mti unapotoweka katika kijiji, jina lake huishi kizazi kimoja zaidi, kisha hufuata. Vivyo hivyo, jina likitoweka, mti husalia kuwa "kichaka" tu, na kichaka hukatwa bila swali.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila mwanafunzi anayetoka eneo hili, aendapo likizo, akusanye majina ya chozi na ya mimea wanayoinyonya katika lugha yake ya kwanza, pamoja na vitendawili, methali na nyimbo za watoto zinazowataja. Aandike kijiji alikoyasikia, msimu, na rangi ya ndege aliyeonyeshwa. Orodha kama hizo zikilinganishwa, zitawafaa wanaleksikografia wanaohitaji istilahi za Kiswahili za kumtenga chozi mmoja na mwingine. Kwa sasa tunalazimika kumtambulisha ndege kwa maelezo ya mstari mzima, "yule mwenye kidari chekundu", wakati huenda bibi wa Chuka ana neno moja.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kuwa chozi na ndege mvumaji ni ndege wawili, na kwamba tofauti yao inaanza katika jina na kuishia katika kile tunachokipanda. Chozi anahitaji mahali pa kutua, maua yanayofuatana mwaka mzima, buibui na wadudu wasiopuliziwa sumu. Mahitaji hayo yote yanaweza kutimizwa kwa mimea iliyopo Meru na Embu, bila kununua chombo chochote kutoka ng'ambo. Mvua za Oktoba ni wakati mwafaka wa kuchomeka tawi la muuti mpakani na mshubiri mlangoni. Atakayefanya hivyo, na akamwona mgeni wake wa kwanza, amwite kwa jina lake: chozi huyu ametua.