Gita Moja, Kikundi Kizima

Vikundi vingi vina gita moja na mpigaji mmoja. Huyo akienda Nairobi kutafuta kazi, gita linabaki kuning'inia ukutani na nyimbo za mkutano zinapoa. Basi, tunashauri watu watatu wajifunze pamoja.

Anzeni kwa kulinganisha nyuzi. Bonyezeni uzi wa sita, ule mnene, kwenye nafasi ya tano shingoni. Sauti yake iwe sawa na uzi wa tano ukiachwa wazi. Endeleeni hivyo hivyo, ila uzi wa tatu unabonyezwa nafasi ya nne. Gita lisilolinganishwa linamvunja mtu moyo bure. Anadhani vidole vyake ndivyo vibaya.

Halafu kodi tatu (si zile za serikali!): G, C na D. Nyimbo nyingi zinaimbika kwa hizo tu. Vidole vitauma wiki za kwanza.

Lakini shida kubwa ni hii: mpigaji hushika G kwa kuwa ameizoea, wimbo unapanda mno, na akina mama wazee wananyamaza. Mama mmoja aanzishe kwa sauti yake, gita limfuate. Ikiwa bado ni juu, legezeni nyuzi zote sawasawa. Ikiwa ni chini, fungeni penseli juu ya nyuzi kwa mpira wa tyubu, karibu na chuma cha pili. Mkishika G itatoka A.

Asiye na gita apewe chupa ya Fanta yenye mikunjo na kijiti cha chuma akwaruze, kama wapigaji wa omutibo kule Magharibi miaka ya 1950 na 1960.