Mvule Mmoja Hautoi Mbegu

Wakazi wengi wa Migori na Homa Bay wanaufahamu mvule kwa mbao zake zinazostahimili mchwa. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba kuna mivule dume na mivule jike, kama ilivyo kwa mitarakwa ya nyanda za juu. Dume hutoa chavua. Jike ndio huzaa matunda yenye mbegu.

Namna ya kuitambua: wakati wa maua, mvule dume huning'iniza vishada virefu, vyembamba na vyeupe. Vya jike ni vifupi, vinene na vya kijani.

Mambo yanayoathiri upatikanaji wa mbegu:

1. Ujirani. Chavua hubebwa na upepo. Madume yakikatwa yote, majike yaliyobaki hukosa chavua.

2. Mwanga. Mti uliokomaa wenye matawi yanayopata jua huchanua vizuri kuliko uliobanwa na mingine.

3. Popo. Hula matunda na kusambaza mbegu mbali na mti mama. Wasifukuzwe.

4. Muda. Mbegu hupoteza upesi uwezo wa kuota. Okota matunda yaliyoiva, yaoshe utoe mbegu, kisha uzipande zikiwa mbichi.

Kenya inalenga kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ili mvule uwemo katika hesabu hiyo, lazima mbegu zipatikane. Kabla ya kuomba kibali cha kukata mvule, chunguza kwanza: je, ndio dume pekee lililosalia kijijini?