Somo la Historia: Picha Ndogo za Tshibumba



Juma lililopita, katika darasa la tano, tuliangalia picha moja ndani ya kitabu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Mwalimu, huyu mchoraji hakukufuru?" Kengele ikalia mbele sijajibu. Basi najibu hapa.

Mchoraji ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 huko Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha gunia la unga, akazunguka mlango kwa mlango akiuza. Picha zake ni ndogo, mtu anaweza kuchukua kadhaa kwapani. Udogo ule uko na sababu: mnunuzi alikuwa mfanyakazi ao karani, saloni yake si kubwa, na pesa yake si nyingi.

Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno juu ya picha hizo: ukumbusho. Si pambo tu. Mgeni anaingia, anaangalia ukuta, mazungumzo yanaanza. Chukueni ile inayoitwa "Colonie belge": mfungwa anapigwa fimbo, Mzungu anasimama kando anaangalia. Mzee gani wa wakati ule angeiona na kunyamaza?

Mwisho wa mwaka 1973 Tshibumba alifika mlangoni pa mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian. Kutoka pale akachora mfululizo wa picha kama 100, historia yote ya inchi, toka mababu mpaka wakati ujao. Akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga, ndugu wa hiki chetu, na sauti yake ikanaswa. Alijiita mwanahistoria. Fabian akatoa kitabu mwaka 1996.

Sasa ile picha yenyewe. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini, wamekufa. Nyuma yao kuko misalaba mitatu. Damu inatoka ubavuni mwa Lumumba na kuandika chini neno "unité", umoja. Tshibumba alieleza kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa Zaire.

Tunajua ilivyokuwa. Tarehe 17 Januari 1961, usiku, watu hao watatu walipigwa risasi porini Katanga, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Kisha miili ikaharibiwa kwa asidi. Jino moja la Lumumba ndilo lililorudishwa, mwezi wa 6 mwaka 2022. Misalaba haikuwako. Je, mchoraji alidanganya? Mimi nasema hapana. Hakupiga fotografia, alitoa hukumu: wameua mtu asiye na kosa.

Juu ya kukufuru: aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu ni mmoja tu, hapo silegezi. Lakini hata Stefano, katika Matendo 7, anakufa kwa kumfuata Bwana wake, akiwaombea wauaji, na hatusemi Luka alikufuru kuandika hivyo. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Pale Golgotha, wale wawili wa kando walikuwa wahalifu. Mpolo na Okito walikosa nini? Hapo mfano wa Tshibumba unachechemea, na ningependa kumwuliza. Haiwezekani: tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Picha za Kongo za namna hii zilionyeshwa Brussels mwaka 2016, kisha Moscow mwaka 2017. Ule mfululizo wa Fabian uko Amsterdam. Magunia ya unga ya Lubumbashi, na sisi ndio tunaomba viza kwenda kuyaona!

Kwa hiyo tutafanya maonyesho yetu. Tarehe ileile, 17 Januari, lakini mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu mpaka ziwani. Ninyi hamkuwa mmezaliwa. Ulizeni mzazi ao jirani mmoja aliona nini kwa macho yake, chora jambo moja tu, kwenye kipande cha gunia ao katoni kisichopita daftari mbili zikiwa wazi, na uandike sentensi moja chini, kama alivyofanya Tshibumba. Tafadhali, si mlima: kila mtu atataka kuchora mlima. Chora kile mama alichobeba kichwani.

Mlete siku ya Ijumaa. Rangi ziko kwangu. Brashi ni tano tu, mtapokezana.